Sherehe Moja Nyumbani kwa Kemboi

Kemboi hakusoma. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Rongai, miaka ile wazungu walikuwa wanafunga mizigo, na wenzake walipopewa kalamu yeye alipewa fimbo ya ng'ombe. Alipokua akabadilisha fimbo kwa rungu. Akawa askari wa lango kwenye loji moja ya madereva wa malori pale Salgaa, akifungulia wanaoingia na kufungia wanaotoka, mpaka mgongo ukakataa. Kiingereza alichookota langoni kilikuwa cha kujaza mfuko wa shati: yes, no, boss, park there.

Mwenye maneno alikuwa mkewe, Chesang. Kemboi akitaka chumvi aliangalia chumvi, na Chesang alisema, "Hiyo hapo, chukua," na mazungumzo yakawa yamefanyika. Waliishi hivyo tangu ujana. Mtu angepita njiani angedhani mama anaongea na ukuta, lakini ukuta huo ulikuwa unasikia kila kitu.

Chesang alikufa mwezi wa pili. Sukari ilianza na kidole cha mguu, ikapanda. Nyumbani juu ya kilima wakabaki Kemboi, ng'ombe mmoja, kuku, na mjukuu wake Cheruto, msichana wa gredi ya nne. Baba wa Cheruto alienda Juba na lori kama taniboi, msaidizi wa dereva, na hakurudi. Mama yake akaolewa tena upande wa Bomet, na huko hawakutaka mtoto wa mtu. Kwa hiyo alilelewa na nyanya yake, na nyanya yake, aliyemwita Kogo, ndiye alimpa ulimi. Alikuwa mtoto wa kuongea kutoka asubuhi. Baada ya mazishi, sauti iliyobaki ndani ya nyumba ile ilikuwa yake peke yake. Kemboi aliketi karibu nayo kama mtu anayeota moto.

Mwezi wa nane binti yake Zeddy akaja kutoka Nakuru. Yeye alisoma, anafanya kazi ofisini, na ndiye anayelipa karo ya Cheruto kwenye akademi ya mabati kando ya barabara kuu. Hakukaa hata chai ikapoa.

"Baba, huyu mtoto nikimwongelesha Kiingereza ananiangalia kama ndama."

"Ndama anaangalia vizuri," Kemboi akasema.

"Sichezi, Baba. Huku nani anaongea na yeye? Wewe? Wewe hata na Mama ulikuwa unaongea na macho. Januari anaingia shule ya bording Nakuru, na likizo atakuwa anakaa kwangu."

Kemboi aliangalia mikono yake. Kisha akasema, na kwake ilikuwa hotuba, "Ngoja wafunge shule."

Zeddy alimtazama baba yake, akaona uso ambao hakuuzoea. Akalegea kidogo.

"Sawa. Siku ya kufunga shule watoto wanaongea mbele ya wazazi. Nitakuja. Akiongea Kiingereza cha kueleweka, abaki na wewe, sitasumbua tena. Akisimama pale kama mti, naondoka na yeye siku hiyo hiyo. Nitakuja na begi."

Hivyo ndivyo mzee ambaye hakuwahi kukanyaga darasa alivyogeuka mwalimu wa Kiingereza.

Ticha Sue alikuwa amewapa watoto vitu vitatu vya kusema. Cha kwanza ni weather, yaani mvua, jua na baridi. Cha pili ni place, yaani mahali unapokaa panafananaje. Cha tatu ni festival, na hicho alisema watakifikia baadaye. Kila jioni, baada ya kukamua, Kemboi aliketi kwenye kigoda na kifimbo cha mkaratusi mapajani, na Cheruto, aliyemwita babu yake Kugo, alisimama mbele yake akasema maneno yake.

Kemboi hakujua neno lolote kati ya yale, lakini mwendo aliujua. Ng'ombe mgonjwa unamjua kwa hatua hata kama ugonjwa hujui jina lake. Mtoto akisema moja kwa moja bila kusimama, Kiingereza ni kizuri. Akikwama, kifimbo kinamgusa muundi. Mwanzoni kilimgusa tu. Mwezi wa tisa ulipoisha kilikuwa kinamchapa.

"Kugo, inauma! Hata Ticha Sue mwenyewe hukwama."

"Ticha Sue hachukuliwi Januari."

Cheruto akapangusa macho, akaanza tena kutoka juu.

Si kwamba walikuwa wanapigana kila siku. Kulikuwa na jioni nzuri. Jioni moja ukungu ulipanda kutoka bondeni, Cheruto akasimama mlangoni.

"Kugo, hii ni misty ama ni foggy?"

"Ni ukungu."

"Najua ni ukungu. Lakini ni upi? Ticha amesema misty unaona kidogo. Foggy huoni."

Kemboi akatoka nje, akatazama chini kwenye barabara kuu, akarudi. "Malori yanasikika, lakini hayaonekani."

"Basi ni foggy."

"Foki," Kemboi akasema.

"Sio foki, Kugo, ni foggy! Foki ni ya kulia chakula." Akacheka mpaka akakaa chini. Kemboi akarudia "foki" mara nyingine, ingawa sasa alijua, ili acheke tena.

Jirani yao Mwaura alikuwa anasikiliza hayo yote kutoka upande wake wa ua. Mwaura aliendesha malori Mombasa mpaka Kampala, akastaafu na Kiingereza cha mipakani na mdomo usiofungwa.

"Mzee Kemboi! How is the weather?"

"Fine," Kemboi akajibu, maana hilo alikuwa amefundishwa.

"Faini? Ile ya korti ama umepata nyingine?" Mwaka mmoja wa zamani polisi walimkuta Chesang na pombe ya busaa, na Kemboi akasimama kizimbani kwa niaba yake, akatozwa faini. Mwaura hajawahi kuisahau. Alicheka peke yake mpaka akakohoa. Kemboi akaenda kumpa ng'ombe maji.

Ikabaki festival. Mitihani ilimbana Ticha Sue, akasema kila mtoto ajitayarishie nyumbani, atawasikiliza siku yenyewe pamoja na wazazi. Cheruto akaja na swali.

"Ticha amesema festival ni siku watu wengi wanakuja kwenu. Wamevaa vizuri, kuna tenti, kuna nyimbo, kuna chakula. Wengine watasema Krismasi. Sisi Krismasi yetu ilikuwa aje?"

"Kogo yako alikuwa wadi. Tulikula ugali na sukuma, tukalala."

"Na harusi ya auntie Zeddy?"

"Alifungia ofisi ya serikali Nakuru. Alituletea picha."

"Basi ni siku gani watu walikuja kwetu?"

Kemboi hakuwa mtu wa kubuni. Swali likiulizwa, alitafuta jibu lake kama mtu anayetafuta jembe lake ghalani, akalileta jinsi lilivyo.

"Ilikuwa moja tu," akasema. "Siku ya kogo yako. Tenti zilikuwepo. Spika zilitoka Molo. Tulichinja ile dume nyekundu. Watu walitoka Eldama Ravine, wakatoka Bomet, na chifu akaja na koti lake."

Cheruto akafikiri. "Lakini watu walilia, Kugo."

"Walilia asubuhi. Mchana walikula."

Mtoto akaona ni kweli. Alikumbuka sufuria kubwa zilizopikiwa nyuma ya nyumba, alikumbuka watoto wa Ravine waliocheza naye chini ya tenti. "Na ilikuwa sunny," akasema.

"Jua lilikuwa kali," Kemboi akakubali.

Hayo ndiyo Cheruto aliyoenda kuyatafutia Kiingereza, akauliza neno moja kwa watoto wa gredi ya sita, neno jingine kwenye kitabu. Na kila jioni Kemboi, na kifimbo chake, akamsimamia aseme mazishi ya nyanya yake bila kukwama.

Siku ya kufunga shule ilikuwa Ijumaa. Kemboi alivaa lile koti la mazishi, maana hakuwa na jingine. Wazazi walijaa chini ya tenti uwanjani. Mwaura alikuwepo, mjukuu wake alisoma hapo pia, akajisogeza kiti karibu na Kemboi. Zeddy alikuja na gari la kukodi. Alisimama nyuma, amevaa miwani ya jua, na mkononi ameshika begi la nguo. Begi lilikuwa tupu. Lilining'inia kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa.

Watoto wakaongea. Wote Krismasi, wote pilau. Mmoja alikwama katikati akalia, na mama yake akaenda kumtoa. Kemboi alimwona Zeddy akitazama hilo.

Cheruto akaitwa. Akasimama, mikono nyuma kama alivyofundishwa, akaanza. Kemboi alisikia "weather" ikipita, akasikia "foggy" ikipita, akasikia "hill". Maneno yalitoka kama maji ya mfereji. Hakukwama. Kemboi alikuwa anabonyeza kidole gumba kwenye goti kila sentensi ilipoisha salama. Kisha akasikia "festival".

Mwanzo watu walitulia. Halafu mama mmoja mbele akaguna. Mwingine akaziba mdomo na leso. Halafu kicheko kikapasuka upande mmoja wa tenti kikazunguka mpaka upande mwingine.

Cheruto akashtuka. Kemboi naye akashtuka, akashika fimbo yake ya kutembelea kana kwamba kuna mtu wa kuchapa. Lakini mtoto alitazama zile nyuso, akaona zinamfurahia, na polepole akatabasamu. Hakuna mtoto aliyewahi kuchekesha tenti nzima ya watu wazima akaachia hapo. Akapandisha sauti. Akatoa mikono mgongoni. Akaonyesha mtu aliyeshiba anavyotembea. Akaonyesha chifu akisinzia kwenye kiti. Watu wakapiga makofi, hata mwalimu mkuu alikuwa ameinamisha kichwa mabega yakitikisika.

"Anasema nini?" Kemboi akamuuliza Mwaura.

"Wacha kwanza, mzee! Wacha amalize!" Mwaura alikuwa anapangusa machozi.

Basi Kemboi naye akacheka. Hakujua anacheka nini, lakini mtoto alikuwa ameshinda, na begi lilikuwa bado tupu, na kila mtu alikuwa anacheka. Tangu mwezi wa pili hakuwa amecheka hivyo. Akajipiga paja.

Hapo Cheruto akainama. Akaburuta mguu mmoja, akashika kichwa na mikono miwili, akavuta kamasi, na kwa sauti nzito ya kizee, kwa lugha ya nyumbani, akalia:

"Chesang, umeniacha na nani? Nitaongea na nani mimi? Chesang!"

Hiyo haikuhitaji mtu wa kutafsiri. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, vile alivyolia kaburini udongo ulipoanza kuingia. Waliojua lugha walicheka kwanza. Wasioijua walifuata, kwa ajili ya zile kamasi.

Mdomo wa Kemboi ulikuwa bado wazi na kile kicheko. Hakuweza kuufunga kwa wakati.

Makofi yalipoisha Mwaura akamshika bega. "Mzee, usikasirike, ni mtoto. Amesema festival ya kwenu ilikuwa matanga. Eti jua liliwaka vizuri, nyama ilikuwa nyingi, kogo alikuwa kwa sanduku, na watu wote walifurahi isipokuwa kugo. Eti kugo peke yake ndiye aliharibu festival!" Kicheko kikamrudia. "Wallahi, nimeendesha lori maisha yangu yote, sijacheka namna hii."

Kemboi akaondoa ule mkono begani, akainuka.

Aliwapata nyuma ya madarasa, karibu na tangi la maji. Zeddy alikuwa amevua miwani. Macho yalikuwa mekundu. Alimshika Cheruto mkono juu ya kiwiko.

"Nani alikufundisha hiyo? Mama yangu ni wa kuchekwa? Niambie, nani?"

"Kugo ndiye alisema," Cheruto akajibu. Bado alikuwa anahema kwa furaha ya makofi, hakuelewa vizuri kosa liko wapi.

Zeddy akamgeukia baba yake. Aliongea polepole, na ilikuwa afadhali angepiga kelele.

"Baba, nataka kusikia kutoka kwako. Kama ni wewe ulimwambia mtoto mazishi ya Mama ni sherehe, basi nyumba hiyo haina tena mtu mwenye akili, na anaingia kwa gari saa hii. Kama amejitungia mwenyewe, huo ni utundu tu. Dawa ya utundu naijua, na tutayamaliza hapa."

Cheruto hakuwa na wasiwasi. Alimwangalia babu yake kama mtu anavyoangalia mlango ambao lazima utafunguliwa. Kugo hakuwa mtu wa kubuni, hata ng'ombe alijua.

"Mwambie, Kugo. Ulisema ilikuwa moja tu."

Kemboi aliangalia lile begi. Zipu ilikuwa wazi.

"Mimi Kiingereza sijui," akasema. "Ningemfundisha nini?"

Zeddy akavunja kijiti kwenye ua wa michongoma. Alimchapa mtoto miguuni, pale pale kwenye alama za kifimbo cha mkaratusi, na alikuwa analia yeye mwenyewe akimchapa. Cheruto hakulia. Alisimama na kumtazama Kemboi mwanzo mpaka mwisho, na Kemboi alitazama tangi la maji, jinsi lilivyovuja kwenye koki.

Kijiti kilipokatika Zeddy akakitupa.

"Kiingereza anacho, sikatai. Nilisema neno langu, na neno ni neno. Kaa na yeye." Akakunja begi, akalibana kwapani, akaenda kwenye gari bila kuaga.

Basi Kemboi alipata alichotaka.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Alimnunulia soda njia panda, ya rangi ya machungwa, ile anayoipenda. Cheruto akanywa mpaka mwisho, akarudisha chupa dukani mwenyewe, akasema, "Thank you." Kemboi akangoja neno lingine lifuate. Hakuna lililofuata. Mtoto akapita mbele akapanda kilima, na mzee akafuata nyuma, akiangalia ile miguu.

Asubuhi akamuuliza kwa lugha yao kama amelala vizuri.

"Yes."

Akamuuliza kama miguu inauma.

"No."

Mchana akamwita aje wale pamoja, akaja, akala, akaosha sahani zote mbili, yake na ya babu. "Good food," akasema. Hakukuwa na hasira usoni ambayo mtu angeweza kuikamata na kuituliza. Alifanya kila alichoambiwa. Aliulizwa, alijibu. Maneno marefu akayasema moja kwa moja, bila kukwama, na Kemboi hakujua hata moja linasema nini. Siku ya tatu mzee akakichukua kile kifimbo cha mkaratusi, akakivunja mbele yake vipande vipande, akakitia kwenye moto wa chai. Mtoto akatazama kikiungua. "It is hot today," akasema, akatoka.

Mwaura alifurahishwa sana. "Mzee Kemboi, unakaa na mzungu nyumbani! Siku hizi hata mimi naogopa kupita, nitaulizwa swali!" Zeddy akipiga simu, mtoto anachukua, wanaongea Kiingereza robo saa, na mwishoni Zeddy anamwambia baba yake, "Umefanya kazi nzuri, Baba. Nilikosea." Kemboi anasema ndiyo. Simu inakatika.

Hiyo imekuwa hali mpaka leo. Likizo ikaisha, Januari ikaja, Cheruto akaingia gredi ya tano kwenye akademi ile ile, analala kwenye kitanda kile kile.

Lakini jioni, kabla ya kukamua, mtoto huingia zizini na kumpelekea ng'ombe majani. Huko humwambia kila kitu, kwa lugha ya nyumbani, ile aliyopewa na Chesang, kwa haraka ile ile ya zamani. Humwambia nani alimfinya shuleni, na vile Ticha Sue alikwama ubaoni, na vile anaota kogo yake anasuka nywele. Humuuliza ng'ombe maswali, akajijibu, akacheka.

Kemboi husimama nyuma ya mbao na ndoo yake. Siku ya kwanza alikohoa, na sauti ikakatika hapo hapo, ikatoka nje ikiwa Kiingereza. Sasa hakohoi. Husimama mpaka mtoto amalize mwenyewe na kuondoka, hata giza likiingia. Majirani wanashangaa kwa nini ng'ombe wa Kemboi hukamuliwa akiwa amechelewa hivyo, maziwa yameshaanza kumdondoka.